MAPAMBO YA NYUMBA ZETU NA KAZI ZA MIKONO

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo halizungumzwi mara nyingi katika mikutano yetu. Kama mlivyosikia katika taarifa ya Mweka Hazina, chama kimetengeneza ukumbi huu. Paa limezibwa, na kuta zimepakwa rangi. Limebaki swali la kitu gani kitundikwe katika kuta hizo. Wako wanachama waliopendekeza tununue picha kubwa za maporomoko ya maji pamoja na maua ya plastiki, kwa sababu ni rahisi na hupatikana upesi. Kamati ya Elimu iliombwa itoe maoni yake kabla ya kura kupigwa leo.

Maoni yetu ni kwamba fedha hiyo yafaa inunue kazi za mikono ya watu, na kwamba kabla ya kununua hatuna budi kujifunza kuzitambua. Jambo hili halihusu ukumbi peke yake. Kila mmoja wetu ana nyumba, au walau chumba cha kupanga, na kila mmoja hununua kitu cha kupambia. Shilingi hizo ndogo ndogo zikikusanywa pamoja ni fedha nyingi, nazo huenda mahali fulani. Picha ya kiwandani ikinunuliwa, faida yake huwaendea watu tusiowajua na ambao hawatatujua kamwe. Kiondo kikinunuliwa kwa haki, fedha hiyo huweza kuwa karo ya mtoto katika kijiji ambacho sisi wenyewe tulitoka.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko la siku hizi chema na mwigo wake hukaa juu ya meza moja, na mwigo huuzwa kwa bei ya chini. Chema hakiwezi kujiuza kwa mtu asiyekitambua. Kwa hiyo twaomba ruhusa tueleze kazi chache, moja baada ya nyingine.

Tuanze na kiondo, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa nacho. Wakamba na Wakikuyu wamesuka vyondo tangu zamani, hapo kwanza kwa nyuzi za magome ya vichaka na ya mbuyu. Mkonge ulipoletwa Afrika ya Mashariki, kwanza Tanganyika mwaka 1893 na baadaye kwetu, nyuzi zake nazo zikaingia katika kazi hiyo. Mama huzisokota nyuzi juu ya paja lake, huzitia rangi, kisha huanza kusuka kutoka kitakoni kwa kuzungusha, mpaka afike ukingoni. Hana kielelezo cha karatasi. Mistari na rangi zote amezihesabu kichwani. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, maana huifanya baina ya shamba na jikoni. Kiondo kilichosukwa vema hubana sana, na mtu akikitazama kwa ndani huona nyuzi zimefuatana bila kuruka. Si lazima kiwe cha kubebea viazi tu. Vyondo vitatu vya ukubwa mbalimbali vikitundikwa ukutani vyaweza kuupamba ukumbi kama picha yoyote.

Ndugu zetu wa pwani wanao mkeka. Ukindu huchumwa, hukaushwa, huchanwa na kutiwa rangi, kisha husukwa kuwa ukili mrefu, na kili hizo hushonwa pamoja ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Mkeka wa kiwandani wa plastiki huigiza nakshi hizo, lakini hauna mshono wa kili. Mtu apitishe kidole chake juu yake, atatambua mara moja.

Sasa tuje kwenye nguo, na hapa yatupasa kuwa wakweli. Kanga, tunayoipenda sote, si kazi ya mkono. Huchapwa viwandani, na tangu zamani nyingi zilichapwa ng'ambo na kuletwa kwetu. Sifa yake iko katika mitindo na maneno yake, na biashara ya Mombasa imeitunza sifa hiyo tangu karne ya kumi na tisa. Kanga ikitandikwa juu ya meza hupendeza, wala hatuikatazi. Twasema tu kwamba mtu ajue anachonunua.

Kikoi ni tofauti, kwa maana mistari na pindo zake za rangi hutokana na kufuma, si kupigwa chapa juu ya nguo. Vingi siku hizi hufumwa na mitambo, lakini viko vinavyofumwa kwa kitanda cha mfumi, ambapo mtu hupitisha uzi wa mshindo kwa mkono baina ya nyuzi za mtande. Ukitazama ubavu wa nguo ya namna hiyo utaona haukunyoka kama rula. Una kutangatanga kidogo, kama mwandiko wa mtu. Na ili mpate kujua kwamba mali hii ina thamani hata machoni pa wageni, kumbukeni kwamba mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe huko kuwa mwenye neno lenyewe la kikoi kama alama yake ya biashara. Watu wa Kenya, pamoja na rafiki zao wa huko huko Uingereza, waliweka pingamizi, na ombi hilo halikufaulu. Yafaa tujiulize: ikiwa mgeni aliliona neno hilo kuwa mali, sisi twaliona kuwa nini?

Kadhalika iko batiki. Fundi huyeyusha nta, huichora juu ya nguo ya pamba, kisha hutumbukiza nguo katika rangi. Pale penye nta rangi haipiti. Hurudia hivyo kwa kila rangi, na mwisho huichemsha nguo ili nta itoke. Nta hupasuka inapokunjwa, na rangi hujipenyeza katika nyufa hizo, ikaacha mistari myembamba kama mishipa ya jani. Viwanda huiga mistari hiyo pia. Basi mtu atazame ua moja, kisha atazame ua la pili lililo kama lile. Nyufa zikiwa sawa sawa katika maua yote, hiyo ni kazi ya mtambo, maana nta haipasuki mara mbili kwa namna moja. Jirani zetu wa Uganda nao wanayo nguo ya magome ya mti wa mutuba, waiitayo olubugo. Gome huvuliwa, hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka lipanuke na kulainika, na mti hufungwa majani ya migomba upate kuota gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu.

Jambo ambalo huenda ni geni kwa wengi ni picha za chapa zinazofanywa kwa mkono. Wengi hudhani kwamba picha ya kweli ni ile iliyochorwa kwa brashi, nayo ni ghali, na kwamba nyingine zote ni za kiwandani. Iko njia ya katikati. Msanii huchukua kipande cha ubao, au cha linoliamu, yaani lile tandiko gumu la sakafu, akakichonga kwa patasi ndogo. Pale anapopachonga patabaki peupe; pale anapopaacha patashika wino. Huchonga kila kitu kinyume, maana karatasi itageuza kulia kuwa kushoto. Kisha hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake, na huikandamiza kwa mashine ndogo au hata kwa mgongo wa kijiko. Ubao mmoja waweza kutoa picha ishirini au thelathini, zote za mkono wake, na kwa sababu hiyo bei ya kila moja huwa chini kuliko ya picha ya brashi. Hapa Nairobi, Peterson Kamwathi ni miongoni mwa wasanii waliojulikana kwa chapa za mbao.

Mtu atazame chini ya picha. Akiona jina limeandikwa kwa penseli, pamoja na tarakimu kama 7/30, maana yake ni kwamba hiyo ni ya saba katika picha thelathini. Kisha achukue kioo cha kukuzia. Picha ya kiwandani kwa kawaida huonyesha vidoadoa vingi vya rangi. Chapa ya mkono haina vidoadoa hivyo, na mara nyingi karatasi huonyesha mahali ilipokandamizwa.

Wenzetu, kazi hizi zilikwisha kuonyesha nguvu zake katika kuwainua watu. Huko Bombolulu, Mombasa, karakana za watu wenye ulemavu zilianza mwaka 1969, na wengi waliokuwa wakihurumiwa wakawa mafundi wenye mshahara. Huko Nanyuki, mwaka 1977, kina mama chini ya Kanisa la Presbyterian walianza kusokota sufu ya kondoo na kuifuma kuwa mazulia. Hata mbali zaidi, Afrika ya Kusini, misheni ya Kilutheri ilianza mwaka 1962 kuwafundisha watu kazi za mikono ili wakawasaidie wagonjwa hospitalini. Kazi hiyo ikahamia Rorke's Drift, ikawa na ufumaji na picha za chapa pamoja, na humo wakatoka wasanii wakubwa kama Azaria Mbatha na John Muafangejo. Ilianza kama huduma kwa wagonjwa, nayo ikazaa kazi ambazo leo hutunzwa katika majumba ya sanaa.

Tusisahau pia kituo cha Paa ya Paa, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1965, ambacho Elimo Njau alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Huyo ndiye aliyepamba kuta za kanisa la Murang'a katika miaka ya 1950 kwa picha za maisha ya Kristo katika sura ya Kiafrika. Kituo hicho kilijulikana kwa onyo lake kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Onyo hilo lawahusu wanunuzi kama linavyowahusu wachoraji.

Twajua neno litakalosemwa: kazi za mikono ni ghali, na mishahara yetu ni midogo. Neno hilo ni la kweli, wala hatulidharau. Lakini ugumu wa bei una sababu mbili, na yafaa tuzitenganishe. Ya kwanza ni muda wa mfanyaji, na huo ni haki yake. Ya pili ni watu wanaosimama kati ya mfanyaji na mnunuzi, kila mmoja akiongeza chake. Mama aliyesuka huuza kwa bei ya chini kwa sababu ana haja ya fedha siku hiyo. Mtalii hununua kwa bei ya juu. Na tofauti hubaki njiani. Hata katika chama hiki wamo mama wanaouza vyondo kwa wachuuzi kwa namna hiyo. Chama kikinunua kwao moja kwa moja, mama atapata zaidi nasi tutalipa kidogo kuliko bei ya dukani. Tena hakuna sheria inayotaka ukuta ujae kwa siku moja. Kitu kimoja chema kwa mwaka kinatosha.

Kitu kilichonunuliwa hutaka kutunzwa. Nguo na picha zisitundikwe penye jua kali, maana rangi hufifia. Picha ya karatasi itiwe katika fremu yenye kioo, isiguse ukuta wenye unyevu, na fremu ya mti ikaguliwe kwa ajili ya mchwa. Batiki ifuliwe peke yake kwa maji baridi na ianikwe kivulini. Mkeka ukilowa ukaushwe kabla ya kukunjwa, na olubugo isifuliwe kabisa. Hukung'utwa vumbi tu.

Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu. La kwanza, kwamba ukumbi huu upambwe kwa vyondo, mikeka na nguo zitakazonunuliwa kwanza kwa wanachama na jamaa zao, kwa bei itakayokubaliwa mbele ya kamati. La pili, kwamba chama kinunue picha moja ya chapa kila mwaka, na jina la msanii liandikwe chini yake watoto wetu walisome. La tatu, kwamba siku moja katika kila miezi mitatu mama wanaojua kusuka wawafundishe vijana humu ukumbini, nao walipwe kwa kufundisha kama mwalimu yeyote alipwavyo. Pendekezo hili la tatu ndilo tunaloliona kuwa zito kupita mengine. Kiondo kikichakaa huweza kusukwa kingine, lakini anayejua kukisuka akifariki bila kufundisha, hatuna duka la kununua ujuzi wake.

Twawaomba muyafikirie maneno haya kabla ya kuinua mikono yenu.