Kampala Yazitundika Picha za Enzi ya Nduli



Si jambo la kawaida kwa taifa kufungua kabati la zamani lenye mambo machungu na kuwaita wananchi waje watazame kilichomo. Jirani zetu wa Uganda walifanya hivyo mwezi Mei mwaka 2019, pale Makumbusho ya Uganda, yaliyoko juu ya kilima cha Kitante mjini Kampala, yalipofungua maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin.

Kabati tunalolitaja lilikuwepo kweli. Mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, zilionekana filamu za picha zipatazo 70,000, zimewekwa katika bahasha. Picha hizo zilipigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, na zilizo nyingi hazikuwa zimepata kuonwa na umma. Wafanyakazi wa Shirika hilo, wakishirikiana na wataalamu wa vyuo vikuu vya ndani na nje ya Uganda, walianza kuzinakili kwa mashine ili zisiharibike. Katika maelfu hayo zilichaguliwa picha chache tu, zikatundikwa ukutani.

Mahali penyewe pana historia yake. Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1908 katika kilima cha Kampala ya Zamani, na kwa kuwa yalisheheni hirizi na vifaa vya matambiko, Waganda waliyaita Nyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi. Yalihamia Kitante mwaka 1954, katika jengo lililochorwa na Mjerumani Ernst May, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuishi hapa kwetu Tanganyika akilima kahawa. Humo ndimo ilimo pia maktaba ya Uganda Society, chama cha wapenda historia na elimu ya nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1923. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, vilirudishwa humo kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Nyumba hiyo, basi, imezoea kupokea vitu vizito. Lakini vitu vya Kibuuka vilirudi kwa shangwe, na picha za Amin hazikuweza kupokewa hivyo.

Ugumu wenyewe ni huu. Aliyezipiga picha hizo alikuwa mtumishi wa serikali, tena serikali ya nduli. Alikwenda alikotumwa, akaelekeza kamera alikoamriwa. Kwa sababu hiyo Amin anaonekana akicheka, akicheza ngoma, akipiga kinanda cha mkono, akihutubia umati, akipokea wageni wa heshima. Anaonekana katika kile alichokiita vita vya uchumi, alipowapa maelfu ya Waasia siku 90 waondoke nchini mwaka 1972. Wanaonekana hata wale walioshtakiwa kwa magendo, wamesimamishwa mbele ya kamera ili wawe fundisho kwa wengine, na nyuso zao zinasema mengi ambayo mpiga picha hakutumwa kuyasema.

Kisichoonekana ni vifo. Hakuna filamu inayoonyesha jinsi Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alivyouawa mwaka 1972, wala Askofu Mkuu Janani Luwum mwezi Februari 1977. Hakuna inayoonyesha yaliyotendeka Nakasero, katika jengo la idara ya mateso iliyopewa jina la kinafiki la Ofisi ya Utafiti wa Taifa. Majeshi yetu pamoja na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala mwezi Aprili 1979, walikuta maiti katika jengo hilo. Waliouawa katika miaka minane ya utawala huo wanakadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 300,000. Upana wa kadirio hilo wenyewe ni ushahidi: serikali iliyokuwa na wapiga picha kwa kila sherehe haikuwa na daftari la maiti zake.

Wapo, kwa hiyo, waliouliza kama inafaa kuzitundika picha hizo hata kidogo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Waganda walio wengi leo wamezaliwa baada ya mwaka 1979. Kijana wa miaka 20 anayeingia katika ukumbi ule na kumkuta jenerali mchangamfu, mwenye mizaha, anayewafukuza wageni na kuwapa wananchi maduka yao, aweza kutoka akidhani kwamba wazee wake walimsingizia mtu. Na mjane ambaye mumewe alichukuliwa usiku akatiwa ndani ya buti ya gari, asionekane tena, atatazama tabasamu lile kwa moyo gani?

Waandaaji walilijua tatizo hilo, na walilisema waziwazi. Hawakuziacha picha zijisemee zenyewe. Waliwakumbusha watazamaji juu ya waliouawa, na yakafanywa mazungumzo ya hadhara, watu walioishi enzi hiyo wakapewa nafasi ya kueleza waliyoyaona. Kwa maoni yetu, hapo ndipo maonyesho hayo yalipopata uhalali wake. Picha peke yake, hasa picha ya serikali, ni shahidi aliyefundishwa la kusema kabla ya kufika mahakamani. Shahidi wa namna hiyo hafukuzwi, bali huulizwa maswali mbele ya watu. Kumfungia kabatini kungemsaidia zaidi nduli mwenyewe, ambaye alikufa kitandani Saudi Arabia mwezi Agosti 2003 bila kusimama mbele ya hakimu yeyote.

Tanzania haiwezi kuyatazama mambo haya kama mpita njia. Mwaka 1975, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti wao, Tanzania ilikataa kwenda. Picha za mkutano ule zinaonyesha fahari tupu, na anayezitazama hawezi kujua ni viti gani vilikuwa vitupu, wala kwa nini. Miaka mitatu baadaye, mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalivamia mkoa wa Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia makwao na kuacha migomba na ng'ombe. Walioanguka katika vita vile wamelala Kaboya, wilayani Muleba.

Nasi tunazo picha zetu za vita hivyo. Ziko katika hifadhi za Idara ya Habari, nazo pia zilipigwa na watumishi wa serikali waliokwenda walikotumwa. Vita vyetu vilikuwa vya haki, na hilo halina ubishi. Walakini haki ya vita haifanyi kila picha yake kuwa kamili. Kuna askari akishangiliwa barabarani Kampala. Hakuna mama wa Kagera akichimbua viazi katika shamba la watu wengine kwa sababu lake limetekwa. Kuna viongozi wakikagua gwaride la ushindi. Kijana aliyerudi bila mguu haonekani mara nyingi. Maswali ambayo Waganda walikubali kuyauliza juu ya kabati lao yanatuhusu na sisi pia.

Bukoba iko karibu zaidi na Kampala kuliko ilivyo na Dar es Salaam. Lingekuwa jambo la manufaa kama Makumbusho ya Taifa letu yangeomba nakala za picha hizo za Kitante, zikatundikwa Bukoba ukuta mmoja na zile za Idara ya Habari, na wazee wa Kyaka, Missenyi na Mutukula wakaitwa wazitazame na kusema kilichopo na kisichokuwepo. Waliokuwa watu wazima mwaka 1978 sasa wamezidi miaka 60, na kazi hiyo haiwezi kungoja sana.