Maombi ya Msaada kwa Mashirika ya Hisani ya Nchi za Nje

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Vyama vingi vya msingi huhitaji mashine, ghala au kisima ambacho akiba ya chama haiwezi kukilipia. Katibu akisikia kwamba yako mashirika ya hisani katika nchi za nje, huandika barua fupi: chama ni maskini, wanachama wanataabika, tafadhali kisaidiwe. Barua ya namna hiyo ni nadra kupata jibu la kuridhisha. Si kwa sababu msomaji wake hana huruma, bali kwa sababu haikumpa hesabu ya kupima.

Yafaa kwanza ieleweke fedha hizo zatoka wapi. Shirika la Oxfam lilianzishwa mwaka 1942 katika mji wa Oxford, Uingereza, na sehemu ya mapato yake hutokana na maduka yanayouza nguo na vitabu ambavyo watu wamevitoa bure. Misereor, shirika la maaskofu Wakatoliki wa Ujerumani, lilianzishwa mwaka 1958, na hukusanya sadaka makanisani wakati wa Kwaresima. Mwaka huo huo wanaushirika wa Uswidi waliunda shirika lao la kusaidia ushirika wa nchi nyingine, ambalo sasa huitwa We Effect. Kwa hiyo, nyuma ya fedha hizo wamo watu wa kawaida waliochanga. Shirika hudaiwa hesabu na watu hao, kama vile Bodi ya chama inavyodaiwa hesabu na wanachama.

Ndiyo maana hapana budi kazi ianzie kwenye Mkutano Mkuu, wala si mezani kwa katibu. Wanachama waseme ni shida gani itangulie. Muhtasari wenye uamuzi wao uambatanishwe na maombi, pamoja na nakala ya hati ya kuandikishwa, masharti ya chama na taarifa ya mkaguzi. Iwapo mkaguzi ameandika upungufu, usifichwe; chama kieleze kimefanya nini kuurekebisha.

Kabla ya kuandika, katibu asome masharti ya shirika lenyewe. Kila shirika lina nchi zake na kazi zake, na mengine hayapokei maombi yasiyoitishwa. Ajihadhari pia na mtu anayedai ada ili "kuharakisha" msaada. Huyo ni wa kuepukwa. Tena ahakikishe kama fedha zinazotolewa ni msaada au ni mkopo, kwani mkopo ni deni, nao lazima uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

Baada ya hayo ndipo ifuatapo hesabu. Chukueni mfano wa chama kinachotaka mashine ya kusaga. Mashine ni shilingi 9,000,000, kibanda 4,000,000, usafiri na mafunzo 1,000,000, jumla 14,000,000. Wanachama watatoa matofali, mchanga na kazi zenye thamani ya shilingi 2,500,000, na fedha taslimu 1,500,000. Kinachoombwa basi ni shilingi 10,000,000. Kila bei iwe na ankara kifani.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo panapoharibika. Mashine ikisaga madebe 600 kwa mwezi kwa shilingi 1,500 kila debe, mapato ni shilingi 900,000. Dizeli 450,000, mshahara wa mwendesha mashine 150,000, mikanda na vipuri 100,000. Baki ni 200,000. Kama mashine yatarajiwa kudumu miaka 10, shilingi 75,000 ziwekwe kila mwezi kwa ajili ya uchakavu. Chama kitabakiwa na 125,000. Lakini madebe yakipungua hadi 400, mapato ni 600,000; hata kama dizeli itashuka hadi 300,000, baki ni 50,000 tu, na akiba ya uchakavu haitimii. Mashine ya pili haitanunuliwa, na siku ya kwanza itakapokufa, wanachama watarudi kubeba mahindi vichwani hadi kijiji cha pili, hali michango yao imekwisha kuzama katika kibanda.

Chama kinachoona hesabu yake haitimii kisiombe mashine hiyo. Kupunguza ukubwa wa mradi, au kungoja msimu mwingine, ni uamuzi wa heshima.

Fedha zikipatikana, ziwe na akaunti yake na kitabu chake. Kila malipo yawe na stakabadhi, na taarifa ipelekwe kwa mfadhili kwa wakati, hata pale kazi ilipochelewa. Taarifa hiyo hiyo isomwe mbele ya wanachama, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Waliochanga Ulaya na waliochanga matofali kijijini wana haki moja: kujua fedha zao zimefanya nini.