Mtoto wa mchimbaji naye aingie materneli



Leo tunaleta neno moja tu: pesa ya watoto wa miaka 3 mpaka 5. Na tunataka ianzie kwa wale ambao nyumbani hakuna kitu: yatima, watoto wa familia zilizokimbia vita, watoto ambao mama anashinda shambani na baba yuko kwenye shimo la dhahabu.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ni ya bure. Mwezi wa 9 mwaka 2019 Leta ilianza kuitekeleza, na sisi tulifurahi. Lakini bure hiyo inaanzia mwaka wa kwanza wa primeri. Materneli haimo. Njo maana materneli imebakia kitu cha mjini, cha mwenye kulipa.

Matokeo yake tunayaona. Mtoto mmoja anafika mwaka wa kwanza amekwisha kukaa materneli miaka 3. Mwenzake anafika na miaka 6, hajashika chaki hata siku moja. Mwalimu ni huyo huyo, mtihani ni huo huo. Wa pili akirudia mwaka, watu wanasema hana akili. Hapana! Akili iko. Kilichokosekana ni ile miaka 3.

Sasa watatuuliza: pesa itatoka wapi? Tujibu kwa sheria. Kodi ya madini ya mwaka 2018, kifungu cha 242, inagawanya redevansi hivi: kwenye kila dola 100, dola 50 zinaenda serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au shefferi yenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Sehemu ya sekta, sheria inaamuru itumike kwa majengo na kazi za msingi za faida ya wananchi. Dahabu ya Namoya iko Kabambare. Basi darasa la watoto wadogo, kisima na choo ni kazi za msingi. Nani atabisha?

Lakini tuseme ukweli wote: ukuta haufundishi. Pesa ile si ya mshahara. Na mgodi ukisimama, redevansi nayo inasimama. Kwa hiyo mwalimu wa materneli lazima alipwe na Leta, kwenye budjeti ya taifa, asiachiwe mzazi. Mzazi asiye na franka hawezi kubeba mwalimu.

Tunachoomba si ndoto. Hapa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Tanzania iliondoa ada kwenye shule za serikali kuanzia Januari 2016, na darasa la awali limo. Uingereza, tangu Aprili 2015, serikali inaiongezea shule pesa kwa kila mtoto wa miaka 3 na 4 wa familia maskini, juu ya ile ya watoto wote. Walielewa kwamba aliyeanzia nyuma anahitaji kuongezewa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. Kila sekta inayopokea redevansi ibandike hadharani imepokea ngapi na imejenga nini, na darasa la materneli liingie kwenye mpango wake.
2. Kinshasa iwaweke walimu wa materneli wa vijijini kwenye listi ya mishahara, ikianzia maeneo ya vita na ya migodi.
3. Majina ya watoto wa kwanza kuingia yachaguliwe mbele ya watu, pamoja na akina mama, si ofisini kwa siri.

Na sisi vijana tuna kazi yetu. Wiki hii, kila kundi liende kwa mkuu wa sekta yake kwa adabu, na barua mkononi, kuuliza swali moja: redevansi yetu iko wapi? Asipojibu, tutarudi.

Mtoto wa miaka 4 leo, kesho kutwa ana 6. Yeye hangojei budjeti ya mwaka ujao.

Mapambano yanaendelea.