Msiba wa Kuambiwa

Wasikilizaji wangu, hasa ninyi mlioko hapa Guangzhou, ambao hamlali mpaka mmezisikiliza sauti zote zilizoingia simuni kutoka kwenu, nawajia tena na jambo lile lile, wala sitaliacha maadamu naliona likirudiwa: uvumi juu ya askari aliye vitani. Tangu mji wa Goma, huko Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, hapa mtaani Xiaobei mtu humbishia mwenzake hodi usiku, akamwambia, "Pole, mwanao hayupo tena," na ukimwuliza amejuaje, hujibu kuwa kaletewa na fulani, naye fulani kaletewa na fulani! Mama mmoja wa Kimanyema aliwekwa eda kwa khabari ya namna hiyo, nguo zake za rangi kazigawa, kisha mumewe akapiga simu mwenyewe kutoka Bujumbura, na jeraha mguuni. Waliomletea msiba ule walikwenda kumtaka radhi? Thubutu!

Na mji huu mnaoupita na mizigo yenu kila siku umeyaona hayo kabla yetu. Katika kisiwa cha Changzhou, huko Huangpu, kilifunguliwa mwaka 1924 chuo cha kijeshi, ambamo Xu Xiangqian na Du Yuming walisoma pamoja katika kundi la kwanza, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka wakawa majemadari wa pande mbili zilizouana. Du, wa upande ulioshindwa, alitekwa Januari 1949, akafungwa hata 1959, wala mkewe hakurudi kukaa naye ila 1963. Huyo ni jemadari, mwenye jina. Wasemeje askari wa kawaida, mamia ya maelfu wa upande huo waliovushwa kwenda Taiwan, wasiopata idhini ya kuzuru kwao mpaka Novemba 1987, ambao wengine walikuta wazazi wamekwisha zikwa, na wake wamekwisha olewa kwa kudhani kuwa ni wajane?



Khabari ya kifo ikikufikia, izuie kwanza. Uliza ni nani aliyeiona maiti kwa macho yake, wapi, na siku gani. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huwatafuta waliopoteana na ahali zao, na hupeleka risala za mateka; nayo yataka jina kamili la mtu, la babaye na la mamaye, alikozaliwa, na alikoonekana mara ya mwisho. Yaandikeni hayo usiku huu, kabla hamjaifungua simu.