Kwa Nini Watu Huchelewa Kuhamia Windows Mpya, na Lini Kuchelewa Kunakuwa Hatari



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Zilizowaka asubuhi ziliwaka tena kesho yake, barua zikachapwa, fomu zikajazwa kwenye saiba na wanafunzi wakaendelea na masomo. Kwa sababu hakuna kilichoonekana kuharibika, wengi waliona tangazo hilo halikuwahusu.

Linawahusu. Windows 10 ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayobeba programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Wadukuzi hugundua nyufa katika mfumo kila mwezi, na mtengenezaji huziba nyufa hizo kwa masasisho. Masasisho yakikoma, nyufa mpya hubaki wazi.

Huwa inasemekana kwamba watu hawahamii mfumo mpya kwa uvivu au kwa kuogopa mabadiliko. Historia haiungi mkono maneno hayo. Windows XP ilitoka mwaka 2001. Vista ilipoifuata mwaka 2007 watu wengi waliikataa: ilikuwa nzito kwa mashine za wakati huo, na printa nyingi zilikosa programu za kuziendesha. Windows 7 ilipotoka Oktoba 2009, ilikuwa ya kulipiwa, lakini kwa takwimu za StatCounter iliipita XP baada ya takriban miaka miwili. Windows 10 ilikuja Julai 2015, na kwa mwaka mzima waliokuwa na Windows 7 na 8.1 walipewa bure. Hata hivyo ilichukua kama miaka miwili na nusu, hadi Januari 2018, kuipita Windows 7. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, nayo bure kwa wenye Windows 10 kwenye mashine zinazokubalika. Iliipita Windows 10 mnamo Julai 2025, karibu miaka minne baadaye.

Kwa hivyo iliyolipiwa ilienea haraka kuliko zile mbili za bure. Bei ya programu siyo inayowazuia watu. Kinachoamua mwendo ni mashine yenyewe, na Windows 11 inaonyesha hilo waziwazi. Inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa mpya kiasi. Kwa upande wa Intel, isipokuwa chache sana, zinazokubaliwa ni za kizazi cha nane kuendelea, zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Laptopu nzuri ya mwaka 2016, yenye nguvu na isiyo na mkwaruzo, inakataliwa. Mwenyewe hajakataa kuhama. Mashine yake ndiyo iliyofungiwa mlango.

Katika nchi hii jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa kompyuta nyingi za nyumbani, za shule na za saiba hununuliwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Mwenye saiba aliye na mashine kumi haulizi kama Windows 11 inapendeza. Anauliza mashine kumi nyingine zitatoka wapi. Halafu kuna bando: faili la kupandisha mfumo ni la GB kadhaa, na anayenunua data kidogo kidogo hawezi kulipakua kwa mara moja.

Wenye kompyuta za Apple huhama upesi zaidi. Kampuni hiyo hutengeneza mashine na mfumo wake yenyewe, na tangu Oktoba 2013 matoleo mapya ya mfumo huo ni ya bure. Lakini ni wachache wanaozimudu.

Kungoja kidogo kabla ya kuhama si kosa. Ni busara. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10 ambalo lilifuta nyaraka na picha za baadhi ya watumiaji. Lilisimamishwa, likarekebishwa, kisha likatolewa tena mwezi uliofuata. Waliongoja hawakupoteza kitu. Anayetumia kompyuta kufanya biashara hana sababu ya kuwa wa kwanza kujaribu kitu kipya.

Kuchelewa kubaya ni kwa aina nyingine. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea ulimwenguni, ikafunga faili za zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo ili izifungue. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa na hata upasuaji. Wengi walidhani XP ndiyo iliyoleta balaa hilo, maana ilikuwa imekosa masasisho tangu Aprili 2014. Sivyo. Mashine nyingi zaidi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Sasisho la kuziba ufa huo lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla ya shambulio. Halikuwa limewekwa.

Anayetumia toleo la zamani linalosasishwa yuko salama kuliko mwenye toleo jipya aliyezima masasisho ili aokoe bando. Hata hivyo, Windows 10 isiyopata masasisho tena hailindwi na bidii ya mwenyewe, kwa kuwa hakuna cha kuweka. Kinachofuata ni vivinjari. Google Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mapema mwaka 2023. Kivinjari ndicho mlango wa eCitizen, iTax na benki.

Kwanza, mwenye kompyuta ajue alicho nacho. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, aandike winver, kisha abonyeze Enter. Toleo litaonekana. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check itamwambia kama mashine yake inaweza kupokea Windows 11 na, kama haiwezi, inakosa nini. Wakati mwingine chipu ya TPM imo ndani ila imezimwa, na fundi anaweza kuiwasha bila kununua chochote.

Anayenunua laptopu iliyotumika asome namba ya prosesa kabla ya kutoa pesa. Ikiandikwa i5-8250U, tarakimu 8 baada ya kistari ni kizazi cha nane. Ikiwa i5-7200U, ni cha saba, na hiyo haikubaliwi, hata muuzaji aapeje. Wako mafundi wanaolazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine kama hiyo. Huingia kweli, lakini Microsoft haihakikishi kwamba itapata masasisho. Zile programu za kufungua Windows bila leseni ni mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Ambaye mashine yake haifai ana njia mbili za kuendelea nayo. Kwa kompyuta za matumizi binafsi, Microsoft ilianzisha mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Malipo ni dola 30, karibu shilingi elfu nne, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya Microsoft. Mashirika yana mpango wao, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka. Njia ya pili ni Linux, kama vile Ubuntu au Mint, ambayo ni bure na hukubali mashine nyingi za zamani. Inatosha kwa barua, intaneti na masomo. Lakini anayejaza fomu za iTax za Excel, au anayetumia programu ya uhasibu, aijaribu kazi yake kwanza kabla ya kufuta Windows.

Kompyuta ya kuchapa tu, isiyounganishwa na intaneti, inaweza kubaki ilivyo. Tahadhari yake ni flashi, maana virusi hupita humo pia.

Kabla ya kuhama, nyaraka zote zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha zifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kwamba zimo. Kazi yenyewe inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hivyo laptopu iwe kwenye chaji na betri iwe imejaa, umeme usije ukapotea katikati. Asiyeridhika na Windows 11 ana siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio. Zikipita, faili za mfumo wa zamani hufutwa.