Paka Mwenye Sikio Lililokatwa Ncha

Msikilizaji, ukipita soko la samaki katika Mji wa Kale wa Lamu, utawakuta paka wakingojea matumbo ya samaki. Paka wa mitaani akiwa na sikio lililokatwa ncha, limenyooka kama lililopitiwa na mkasi, usidhani kaumizwa. Hiyo ni alama ya watu wanaojitolea: alinaswa kwa mtego wa kisanduku, akapewa dawa ya usingizi, daktari wa mifugo akamfunga kizazi, kisha akarudishwa palepale alipotolewa.

Kwa nini arudishwe? Kwa sababu paka wa mtaa wakiondolewa, wengine huja kufuata chakula kilekile. Na hufungwa kizazi kwa sababu paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 tu. Kuwatilia sumu ni ukatili, tena tatizo hubaki.

Mbwa nao wasisahauliwe: wapelekwe kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu wahi hospitali siku hiyohiyo. Na wanaojitolea wakibisha hodi kwako, tafadhali wafungulie ua, uwaonyeshe paka wanapojificha.