Makaa ya Mawe Kugeuzwa Mafuta
(Hotuba kwa wananchi wa Bugene, Karagwe)



Petroli tunayoichoma hapa Bugene hutoka ng'ambo, ikapanda lori tangu pwani, na anayelipa safari hiyo ni mkulima wa kahawa. Nasi tuna makaa ya mawe Mchuchuma, Ngaka na Kiwira! Mwaka 1913 Mjerumani Friedrich Bergius alionyesha njia ya kuyatia haidrojeni, ambayo makaa yamepungukiwa, kwa moto na mgandamizo mkubwa, yakawa mafuta. Baadaye wenzake, Pott na Broche, waliyayeyusha kwanza ndani ya tetralini, majivu yakachujwa, kazi ikawa nyepesi. Gharama yake, ndugu, si mchezo, na hewa chafu ni nyingi. Hata hivyo twataka hesabu iletwe mbele yetu, shilingi kwa shilingi, kabla mawe hayo hayajauzwa yote.